Kuuzunguka Ukuta wa Seoul kwa Siku Moja, Jiwe kwa Jiwe

Ukuta wa Hanyang, mji mkuu wa ufalme wa Joseon ambao leo tunauita Seoul, una urefu wa kilomita 18.6. Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kuuzunguka wote kwa siku moja akitoka mapema, na jioni akarudi pale pale alipoanzia. Wakazi wa zamani walikuwa wakifanya hivyo kama matembezi ya msimu mzuri, na mzunguko huo ulikuwa na jina lake: sunseong. Wageni wengi wa leo hupanda kipande kimoja kifupi, wakapiga picha ya mji kutoka juu, wakashuka. Si vibaya, ila watu hao wameuona mji na hawajauona ukuta. Ukuta huu una maandishi. Wenyewe unaeleza nani aliujenga, lini, na kwa nini kipande fulani kilianguka. Makala hii inaeleza jinsi ya kuuzunguka na jinsi ya kuyasoma mawe yake.

Kwanza majina, maana yanachanganya. Neno likiishia na mun ni lango, likiishia na san ni mlima, likiishia na dong ni mtaa. Kwa hiyo Changuimun ni lango la Changui, na Namsan ni mlima wa kusini. Malango makubwa yalikuwa manne na madogo manne. Milima nayo ni minne: Bugaksan kaskazini (mita 342), Naksan mashariki (mita 125 hivi tu), Namsan kusini na Inwangsan magharibi (mita 338). Ukuta unapita kwenye migongo ya milima hiyo yote, na ndiyo sababu haukunyooka hata kidogo.

Mwanzilishi wa Joseon, Yi Seong-gye, alitwaa kiti mwaka 1392, na miaka miwili baadaye akauhamishia mji mkuu hapa. Waziri wake Jeong Do-jeon ndiye aliyepima njia ya ukuta. Ujenzi wenyewe ulifanyika mwaka 1396 kwa awamu mbili, kila moja siku 49. Awamu ya kwanza ilikusanya zaidi ya watu 118,000 na ya pili takriban 79,000, walioletwa kutoka mikoani kwa zamu ya lazima. Kazi hii ya haraka isingewezekana bila ugawaji makini. Mzunguko mzima ulikatwa vipande 97, kila kimoja chini kidogo ya mita 200, na kila kipande kikapewa herufi yake kutoka kitabu ambacho watoto walijifunzia kusoma, kile cha herufi elfu moja. Herufi ya kwanza, yenye maana ya mbingu, iliwekwa kileleni Bugaksan, na hesabu ikaenda kulia kama mshale wa saa. Kila wilaya ikajua kipande chake.

Hapo ndipo maandishi ya mawe yanapoanzia. Waliojenga walichonga kwenye mawe kadhaa jina la kipande na la wilaya iliyokijenga, na karne za baadaye wakaongeza majina ya wasimamizi na hata ya waashi. Jiwe likiporomoka, wahusika walijulikana na waliitwa kulirekebisha. Mawe ya namna hii bado yapo mengi kando ya njia, na herufi zake za Kichina zinaonekana kwa macho matupu jua likiwa la ubavuni, yaani asubuhi au alasiri. Saa sita mchana hutaona kitu, kwa kuwa mwanga wa utosini hauweki kivuli ndani ya michongo.

Zipo pia tofauti za uashi wenyewe, na ukizijua, kila hatua inakuwa ya kusisimua. Mawe ya 1396 hayana umbo maalumu, yamechongwa kidogo sana, na yamepangwa yalivyo. Sehemu za tambarare hazikuwa za mawe kabisa wakati huo, zilikuwa za udongo ulioshindiliwa, na mvua zikazimomonyoa. Kwa hiyo mwaka 1422 mfalme Sejong aliamuru ukuta wote uwe wa mawe. Wafanyakazi walikuwa zaidi ya 320,000, kazi ikaisha kwa siku 38 tu, na watu 872 walifariki. Mawe ya wakati huo yana umbo la mstatili lenye kingo zilizoviringwa, kama punje za mahindi kwenye gunzi, makubwa chini na madogo juu. Kuanzia mwaka 1704, enzi ya Sukjong, yanakuja mawe ya mraba yenye upande wa sentimita 40 hadi 45, yamekaa imara bila mapengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, enzi ya Sunjo, mraba unakua hadi karibu sentimita 60. Mawe meupe, safi, yenye kingo kali za mashine ni ukarabati wa kuanzia miaka ya 1970 kuja huku.

Na sasa jambo ambalo wengi hulikosa: tofauti hizo zinaonekana kutoka nje ya ukuta. Upande wa ndani ardhi imejazwa hadi karibu na juu, kwa hiyo ukitembea ndani unaona kikingio cha kufika kifuani tu, na mandhari. Upande wa nje ndiko ukuta unakosimama mita tano hadi nane juu yako. Sheria nzuri ni hii: panda mlima kwa ndani, tembea sehemu za mitaani kwa nje. Kuhama upande si rahisi, kwa kuwa kuna vijilango vya siri vichache tu, viitwavyo ammun, na ukishakosa kimoja unaweza kwenda mamia ya mita bila kingine.

Kabla ya kutoka, pata kadi ya usafiri ya T-money kwenye duka lolote dogo la saa 24, na uweke programu ya ramani ya Naver Map au KakaoMap kwenye simu. Usitegemee ramani ya Google kwa miguu, maana nchini Korea Kusini ramani hiyo kwa muda mrefu haikutoa maelekezo ya kutembea, na inaweza kukuacha solemba katikati ya vichochoro. Beba maji lita moja na nusu, kwani juu ya Bugaksan hakuna duka. Viatu viwe na soli inayoshika: matale ya milima hii humomonyoka kuwa changarawe laini inayoteleza kama punje za mchele juu ya sakafu. Miezi mizuri ni Aprili, Mei, Oktoba na mwanzo wa Novemba. Julai ni masika yao, na mvua ni ya kweli. Januari ni baridi chini ya sifuri, na ngazi za mawe hushika barafu ambayo haionekani. Aliyezoea Tanga au Mombasa asiidharau.

Anzia Changuimun. Teremka kwenye kituo cha treni cha Gyeongbokgung, laini ya 3, tokea mlango namba 3, kisha panda basi namba 1020, 7022 au 7212 hadi kwenye mteremko wa Jahamun. Sababu ya kuanzia hapa ni moja: njia ya Bugaksan ina saa za kufungua na kufunga, na wakati wa baridi hufungwa mapema. Ukianzia kusini ukafika hapa alasiri, utakuta geti limeshafungwa na mzunguko wako umekatika. Hilo ndilo kosa linaloharibu siku za watu wengi kuliko mengine yote.

Kabla ya kupanda, simama chini ya tao la Changuimun utazame juu. Ndege aliyechorwa darini anaitwa feniksi lakini sura yake ni ya jogoo. Inasimuliwa kwamba mgongo wa mlima ulio nje ya lango unafanana na tandu, na adui wa tandu ni jogoo. Paa la lango hili ni la 1741, na ndilo kongwe kuliko ya malango madogo yote yaliyobaki. Waasi waliomweka Injo kwenye kiti cha ufalme mwaka 1623 waliingia mjini kupitia hapa.

Kipande cha Bugaksan, kutoka Changuimun hadi Hyehwamun, ni kilomita 4.7, na kitachukua saa tatu. Nusu saa ya kwanza ndiyo ngumu kuliko yote ya siku: ngazi zimesimama wima karibu na ukuta, moja baada ya nyingine, hadi kileleni. Panda polepole mno, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Wanaokimbilia ngazi hizi huishiwa nguvu wakifika Namsan, saa sita baadaye. Ukizunguka kinyume utazishuka badala ya kuzipanda, na magoti yatakulaumu zaidi.

Eneo hili lilifungwa kwa raia kwa karibu miaka 40. Tarehe 21 Januari 1968 makomando 31 kutoka Korea Kaskazini walikuja kumuua rais na wakafika karibu na ikulu iliyo chini ya mlima. Baada ya kilele utaupita msonobari wenye alama 15 za risasi za tukio hilo. Njia ilifunguliwa mwaka 2007, na hadi 2019 ilibidi uonyeshe kitambulisho. Jeshi bado lipo. Vibao vya kukataza kupiga picha kuelekea upande fulani si mapambo, na ukielekeza kamera huko utaombwa uzifute picha.

Karibu na Cheongundae, kilele kidogo chenye mita 293, njia inatoka nje ya ukuta kwa muda. Usiipite haraka. Hapa ndipo darasa la mawe linapoanzia: kwenye kipande kimoja utaona punje za mahindi za Sejong chini na mraba wa Sukjong juu yake, na mshono kati yao unaonyesha kabisa mahali ukuta ulipobomoka. Mbele kidogo kuna gokjang, sehemu ambapo ukuta unatoka nje kama kiwiko ili walinzi wamwone na kumpiga ubavuni adui aliyeukaribia. Ukisimama hapo utaelewa pia matundu ya kikingio. Kila kikingio kimoja kina matundu matatu: ya pembeni yamelala sawa kwa adui wa mbali, la katikati limeinama kwenda chini kwa aliyekwisha fika mguuni pa ukuta. Chungulia la katikati na utaona miguu ya wapita njia wa nje.

Sukjeongmun, lango kubwa la kaskazini, liko msituni na halina barabara. Malango makubwa mengine matatu yalipewa majina kwa maadili ya Konfusio, utu mashariki, haki magharibi na adabu kusini, lakini hili la kaskazini halikuwa la kupita watu kila siku. Lilifungwa muda mwingi. Ukame ulipozidi, lilifunguliwa na lile la kusini likafungwa, kwa imani kwamba kusini ni moto na kaskazini ni maji.

Kutoka hapo ni mteremko hadi mitaani, na ukuta unapotea kwa mara ya kwanza. Usifadhaike. Fuata vibao, kisha tazama chini ya kuta za nyumba na shule: uzio wa shule ya Kyungshin umekaa juu ya mawe ya ukuta wenyewe. Hyehwamun unayoiona ni ya miaka ya 1990. Lango la asili lilibomolewa wakati wa utawala wa Japani, na barabara kubwa inapita mahali ukuta ulipokuwa. Vuka barabara hiyo kwenye kivuko, panda ngazi upande wa pili, na hapo chagua nje.

Naksan ni kilomita 2.1 tu, na ndicho kipande ninachompendekezea mtu mwenye saa moja pekee. Kinafikika kirahisi kutoka kituo cha Chuo Kikuu cha Hansung, laini ya 4. Njia ya nje inapita chini ya ukuta mrefu mzima mzima, mawe ya enzi zote yakiwa usawa wa macho, na nyumba za mtaa wa Jangsu zimekaa upande wa pili wa njia. Mwishoni, karibu na Heunginjimun, yamekusanywa mawe mengi yenye maandishi mahali pamoja. Tumia nusu saa hapo. Makumbusho ya ukuta yako jirani, hayana kiingilio, na hufungwa Jumatatu.

Heunginjimun, lango la mashariki, lina mambo mawili ambayo malango mengine hayana. Mbele yake kuna ukuta wa nusu duara, kwa sababu ardhi ya mashariki ni ya chini na ingeshambuliwa kirahisi. Na jina lake lina herufi nne badala ya tatu: herufi ya ziada iliongezwa ili kuutia nguvu upande huo ulio dhaifu. Jengo la juu ni la 1869.

Kufikia hapa asubuhi itakuwa imekwisha, na tumbo litadai. Wengi watakuelekeza Jangchung-dong, mtaa wenye sifa ya miguu ya nguruwe. Kama huli nguruwe, ingia Gwanghui-dong, hatua chache kutoka lango dogo la Gwanghuimun. Kuna mtaa wa Waasia ya Kati, wenye migahawa ya Kiuzbeki: nyama ya kondoo, mikate ya tanuri, na wali wa nyama na karoti wauitao plov. Ukiuonja utautambua, ni ndugu wa pilau yetu hata kwa jina. Gwanghuimun lenyewe lilikuwa lango la kutolea maiti, kwa kuwa kuzika ndani ya ukuta kulikatazwa.

Kutoka Heunginjimun hadi ukumbi wa michezo wa Jangchung ni kilomita 1.8, na sehemu kubwa haina ukuta. Baada ya hapo, kilomita 4.2 za Namsan zinaanza vizuri sana kwa njia ya nje, nyuma ya hoteli ya Shilla, ambapo mawe ya Sejong yamehifadhika kwa kiwango cha kuridhisha. Kisha njia inafika kwenye barabara ya mabasi. Watu huifuata barabara hiyo hadi mnarani na kuzikosa ngazi za mbao ziingiazo msituni pamoja na ukuta. Zitafute upande wa kulia na kushoto kabla ya kukata tamaa. Kileleni, kando ya mnara wa Seoul, kuna majiko matano ya mawe. Ni minara ya moshi: moshi mmoja ulimaanisha amani, mitano ulimaanisha vita vimeanza, na ujumbe ulikuja mlima hadi mlima kutoka mipakani.

Ukiteremka hadi uwanja wa Baekbeom, ukuta unaisha ghafla. Kilomita 1.8 zinazofuata watu huziruka kwa teksi. Naomba usiziruke. Mwaka 1899 tramu ilianza kupita kwenye malango, na mwaka 1907, kwa ajili ya ziara ya mwana mrithi wa Japani, ukuta wa kando ya Sungnyemun, lango kubwa la kusini, ulibomolewa. Lango dogo la Souimun liliondolewa 1914, limebaki jiwe la kumbukumbu tu. Lango kubwa la magharibi, Donuimun, lilivunjwa 1915 ili reli ya tramu ipanuliwe, na mbao zake zikauzwa kwa mnada. Tembea hapo ukiangalia lami, na utaona mstari wa mawe uliowekwa chini kuonyesha ukuta ulipopita, ukikatwa na maduka na maegesho. Bila kupita hapa huwezi kuelewa kilichopotea.

Sungnyemun lenyewe, lililokamilika 1398, lilichomwa moto na mtu mmoja usiku wa tarehe 10 Februari 2008. Orofa ya juu iliteketea karibu yote. Mafundi walichukua miaka mitano, wakitumia zana na mbinu za jadi, na lilifunguliwa tena Mei 2013, likiwa na ukuta wa pembeni uliorudishwa, mita 53 mashariki na 16 magharibi. Kibao cha jina lake kimesimama wima, tofauti na vingine, na inasimuliwa kwamba ni kwa ajili ya kuukabili moto wa mlima Gwanaksan ulio mbele yake.

Kutoka Donuimun hadi Changuimun kupitia Inwangsan ni kilomita 4, saa mbili na nusu. Ukifika mwanzo wake saa kumi jioni mwezi wa Aprili au Oktoba, umepanga vizuri. Upande wa nje, dakika chache kutoka njiani, kuna Seonbawi, jabali lenye matobo linalofanana na watawa waliovaa kanzu, na watu huenda kuomba hapo. Hekaya inasema mtawa Muhak alitaka jabali liwe ndani ya ukuta, Jeong Do-jeon akakataa, na theluji ikayeyuka ikiacha mstari mmoja uliolitupa nje. Hekalu la waganga lililo chini yake, Guksadang, lilihamishwa kutoka Namsan mwaka 1925. Juu, mlima ni jabali tupu, na ngazi zimechongwa ndani yake. Shika vyuma vya pembeni, hasa kukiwa na upepo. Ukifika kileleni machweo, utauona mzunguko wako wote kwa mara moja: Bugaksan kushoto, Naksan mbali, mnara wa Namsan mbele.

Taa za ukuta zikiwashwa, mteremko hadi Changuimun unaonekana wazi, ila mawe ni yale yale yanayoteleza. Zamani kengele ya Bosingak, jengo la kengele katikati ya mji, ililia mara 28 usiku na malango yote manane yakafungwa hadi mara 33 za alfajiri, na aliyechelewa alilala nje. Wewe ukifika chini, simama kwenye kituo cha mabasi yanayorudi mjini, na basi lolote kati ya yale matatu litakurudisha Gyeongbokgung.